Sura ya Sita: Tabibu Alijifunzia kwa Nani?

Hapana swali linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi katika mabenchi ya hospitali za Kibondo na Kasulu kuliko hili: daktari huyu kijana, atakayeingiza chombo katika mwili wa baba yetu, alijifunzia katika mwili wa nani? Mzee mwenyewe, aliyekwisha kupokea shikamoo ya kijana huyo na kumwitikia marahaba, hawezi kumuuliza usoni, kwa kuwa adabu inamzuia na maumivu yanambana. Lakini mkewe humnong'oneza muuguzi, na mwanawe humuuliza jamaa aliyewahi kulazwa wodi ile ile. Swali hili si utovu wa heshima, wala si ujinga wa watu wa shamba. Ni haki ya kila mtu anayetoa mwili wake amana kwa mwenziwe, na jibu la kweli, kwa karne nyingi na katika nchi zote, lilikuwa la kutisha: alijifunzia katika mwili wa mgonjwa aliyetangulia.

Sura hii yahusu ikhtiari iliyopatikana ili jibu hilo libadilike. Ikhtiari yenyewe ni mazoezi ya kuigiza, yaani mafunzo ambayo ndani yake mwanafunzi wa upasuaji hufanya kazi ile ile atakayoifanya kwa mgonjwa, kwa vyombo vile vile au vinavyokaribiana navyo, ila mahali pa mgonjwa huwekwa sanduku, mwanasesere, kiungo cha mnyama au kompyuta. Nimeichagua njia ya mkojo kuwa mfano wangu, kwa sababu huko ndiko upasuaji wa kupita ndani bila kupasua tumbo ulikoanzia zamani zaidi, na kwa sababu maradhi yake yamo katika kila kijiji cha nyanda hizi za Buha, mkoani Kigoma.

Maradhi yenyewe

Chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume pana kiungo kidogo kiitwacho tezi dume, na mrija wa kutolea mkojo hupita katikati yake. Umri unapoendelea, tezi hii aghalabu hukua, na kukua huku peke yake si saratani. Lakini kadiri inavyokua ndivyo inavyoubana mrija, hata mzee akaanza kuamka mara nyingi usiku, mkojo ukamtoka kwa matone, na siku moja ukaziba kabisa. Hapo huwekewa mpira wa mkojo, yaani bomba laini lipitalo katika njia ya mkojo mpaka kibofuni, akarudi nyumbani na mfuko umefungwa pajani, akingoja nafasi ya upasuaji.

Kwa mtu wa Kibondo, kungoja huko kuna safari ndani yake. Huenda akatelemka hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Kigoma mjini. Huenda akashika barabara ya Nyakanazi hadi Bugando, Mwanza. Na wapo wanaofika Muhimbili, Dar es Salaam, au Moshi. Wengine huuza mahindi na maharage ya msimu mzima kwa ajili ya nauli, na wengine hukaa na mpira miezi mingi kwa kukosa cha kuuza.

Upasuaji wa zamani wa tezi hii ni wa kupasua chini ya kitovu. Njia ya pili ni ya kupitia katika mrija wenyewe: daktari huingiza bomba jembamba la chuma lenye taa na kamera, na mwishoni mwa bomba pana kitanzi cha waya kinachopitishwa umeme, nacho hukata tezi vipande vidogo vidogo kutoka ndani, huku maji maalumu yakipita kuosha damu ili macho yaone. Waganga wa hospitali huita kazi hii kukwangua tezi, na mgonjwa hatoki na mshono hata mmoja.

Fani hii ina historia ndefu. Philipp Bozzini wa Frankfurt alitengeneza chombo cha kuangazia ndani ya mwili kwa mwanga wa mshumaa mwaka 1806. Maximilian Nitze akaifikisha taa ndani ya kibofu chenyewe mwaka 1877. Na mwaka 1926 Maximilian Stern wa New York akaonyesha chombo cha kitanzi cha umeme ambacho ndicho babu wa vyombo vinavyotumika leo. Mwaka 1990, katika mji wa St. Louis, Marekani, Ralph Clayman na wenzake waliiondoa figo nzima kupitia matundu madogo ya tumboni, na tangu hapo upasuaji wa matundu madogo umekuwa sehemu ya kawaida ya taaluma hii.

Kwa nini kutazama hakutoshi

Msomaji atasema kwamba fundi yeyote hujifunza kwa kumtazama bwana wake, basi na tabibu amtazame tabibu. Zamani ndivyo walivyofundishwa, na wengi wakawa mahiri. Lakini upasuaji wa kupitia matundu una shida tatu ambazo jicho la mtazamaji haliwezi kuzimeza kwa niaba ya mkono.

Ya kwanza ni kwamba daktari haangalii mikono yake. Anaangalia kioo cha televisheni, na kioo ni bapa, hakimwonyeshi kina, basi hulazimika kukisia kwa vivuli ni kiungo gani kilicho karibu na kipi kilicho mbali. Ya pili ni kwamba vyombo virefu vinavyopita katika tundu la ngozi hugeuza mwendo: mwanabahari anayevuta kasia lililofungwa ubavuni mwa mashua anajua kwamba mkono ukienda huku, ubapa wa kasia huenda kule, na daktari anayefanya kazi kupitia tundu la tumbo hukabili mgeuko huo huo katika kila nukta ya kazi yake, tena kwa mikono miwili, tena mahali ambapo kosa la nusu sentimeta ni mshipa uliokatika. Ya tatu ni kwamba hisia ya vidole imepungua mno, kwa hiyo uzi unaweza kukatika au nyama kuraruka kabla mkono haujajua kwamba umevuta kupita kiasi.

Katika kukwangua tezi, hadhari ni kubwa zaidi. Ndani ya mrija kuna kijinundu kidogo ambacho kila mwanafunzi hufundishwa kukitafuta kabla hajakanyaga swichi ya umeme, kwa sababu mbele kidogo ya kijinundu hicho ndipo ulipo msuli unaofunga mkojo. Akikata ng'ambo ya alama ile, mgonjwa aliyekuja kwa kuwa mkojo hautoki atarudi nyumbani na mkojo usiozuilika, na hiyo ni fedheha ya maisha. Tena yapo maji yale ya kuoshea: kwa mashine za aina ya zamani hayawi maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme, na mgonjwa akiyanywa kupitia mishipa iliyokatwa, chumvi ya damu yake hupungua, akaanza kuchanganyikiwa, akaona giza, na huweza kufa. Kwa sababu hii madaktari hujitahidi kumaliza kwa muda wa saa moja au pungufu. Basi fikiri juu ya mwanafunzi ambaye mkono wake ni mzito, ambaye bado anakitafuta kijinundu, ilhali saa inakwenda na maji yanaingia. Huyo hahitaji kukemewa. Alihitaji kuja akiwa tayari.

Kwa ufupi, mpaka hapa tumeona mambo mawili: kwamba njia ya kupita ndani humpunguzia mgonjwa jeraha, na kwamba humwongezea daktari ugumu, ugumu wa aina ambayo huondoka kwa kurudia tu.

Mwanasesere wa Bibi du Coudray

Wazo la kurudia juu ya kitu kisicho na uhai halikuzaliwa pamoja na kompyuta. Katika karne ya 18 mkunga wa Ufaransa, Angélique du Coudray, alishona kwa kitambaa na ngozi kiwiliwili cha mwanamke pamoja na mtoto wake, akapewa na mfalme Louis wa Kumi na Tano, mwaka 1759, idhini ya kuzunguka mikoani kuwafundisha wanawake wa vijijini namna ya kuzalisha. Hakuanzia mji mkuu. Alikwenda mashambani, kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, na akawafundisha kwa mikono.

Ithibati kwamba mkono uliozoezwa kwenye mwigo huwa salama zaidi kwa mgonjwa ilichelewa sana. Mwaka 2002 wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa madaktari 16 waliokuwa mafunzoni: baadhi walizoezwa kwenye kompyuta mpaka wakafikia kiwango cha mabingwa, na wengine wakafundishwa kwa desturi ya kawaida tu, kisha wote wakapelekwa kutoa kibofu cha nyongo kwa wagonjwa huku wakirekodiwa. Waliozoezwa walimaliza kazi kwa wepesi uliozidi kwa asilimia 29, na wale wasiozoezwa walielekea mara tano zaidi kukijeruhi kiungo au kuunguza mahali pasipohusika. Kibofu cha nyongo si njia ya mkojo, lakini mikono, kioo na vyombo ni vile vile.

Maharage, pili hoho na mfuko wa maji

Hapa ndipo watu wengi wa nyanda hizi hukata tamaa kabla ya kusikia habari yote, kwa kudhani kwamba mazoezi haya lazima yawe ya kompyuta. Kompyuta hizo zipo, na hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Lakini mwanafunzi wa mwanzo anahitaji zoezi linalomlazimisha mkono ujue, na zoezi hilo laweza kutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana sokoni Kasulu. Tazama matatu:

• Sanduku la maharage. Chukua beseni la plastiki lenye mfuniko, toboa matundu mawili ya vyombo, weka simu ya kamera juu ya tundu la tatu, na taa ndogo ndani. Chini panga vizibo vya soda katika safu mbili. Mwanafunzi hushika harage moja kwa koleo la mkono wa kushoto, hulipokeza hewani kwa koleo la mkono wa kulia, hulitua ndani ya kizibo, kisha hurudi kwa njia hiyo hiyo, akiangalia kioo cha simu tu. Mwenziwe hushika saa na kuhesabu maharage yaliyoanguka. Zoezi linalofanana na hili, la kuhamisha vipande vidogo kutoka kijiti hadi kijiti, ni la kwanza katika mtihani wa misingi ya upasuaji wa matundu ulioanzishwa na chama cha wapasuaji wa Marekani mwaka 2004.

• Pili hoho. Ndani yake mna uwazi wenye kuta na mafundo ya mbegu, na umbo hilo limewafaa walimu wa sehemu mbalimbali za dunia kufundishia namna ya kuingiza bomba la kamera kibofuni, kulizungusha, kukagua kila upande kwa utaratibu bila kuacha pembe, na kuondoa uvimbe mdogo. Mwanafunzi aliyeruka pembe moja hajitetei, kwa kuwa hoho hukatwa mbele yake, na alama iliyofichwa pale huonekana.

• Sanduku la chakula na mfuko wa maji. Huu ni mfano uliobuniwa na madaktari wa Uingereza: mfuko wa maji ya lita tatu hukazwa ndani ya sanduku la plastiki la kuwekea chakula, ukafunikwa kwa kitu kinachofanana na ngozi na mafuta ya tumbo. Mwanafunzi hujifunza kupitisha mpira kwa kutoboa chini ya kitovu, kazi inayofanywa mkojo unapoziba na mpira wa kawaida ukakataa kupita. Akitoboa sawasawa, maji hutoka. Akienda upande, hapati kitu, akajua kwamba kwa mgonjwa angekuwa ametoboa utumbo.

Wapo pia wanaotumia mfuko ulio shingoni mwa kuku, ule unaohifadhi nafaka, kujifunzia kushona upya mahali figo inapoungana na mrija wake, na kuku huyo huyo huweza kuliwa, kasoro mfuko wake.

Kati ya haya yote, kwa hospitali ya wilaya, mimi ningelitanguliza la tatu. Kukwangua tezi ni kazi ya bingwa na mashine. Lakini mzee ambaye mkojo umemziba saa nane ya usiku Kibondo hawezi kumngoja bingwa, na daktari wa zamu anayejua kutoboa mahali sahihi humwondolea adhabu katika dakika chache.

Habari ya Haydom

Sasa nije kwenye jambo ambalo wafadhili na wakubwa wengi hulikosa, nalo ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Mazoezi ya siku moja hayatoshi, hata yakiwa mazuri, hata yakifungwa kwa vyeti na picha. Ithibati yake haikutoka mbali. Ilitoka katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, ambayo nayo ni hospitali ya shamba na ya nyanda za juu.

Kuanzia mwaka 2009 Tanzania iliingiza mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua, kwa kutumia mwanasesere anayejazwa maji na kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa. Haydom waligundua jambo la kustaajabisha: baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri zaidi juu ya mwanasesere, lakini walipowaangalia katika chumba cha uzazi, matendo yao kwa watoto wa kweli hayakubadilika. Badala ya kuwalaumu wakunga, walimleta mwanasesere katika chumba cha uzazi chenyewe, wakaweka mazoezi mafupi ya dakika chache kila juma, na marudio marefu zaidi kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yule yule na wakunga walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mahali pa mazoezi na idadi ya marudio.

Kwa mpasuaji wa njia ya mkojo hukumu ni hiyo hiyo, na kwa aliyeko wilayani ni nzito zaidi. Daktari wa Moshi hupata wagonjwa wa tezi dume kila juma, na wagonjwa hao, Mungu awasamehe walimu wote, huufanya mkono wake usipate kutu. Daktari wa Kasulu aliyehudhuria kozi na kurejea huenda akakaa miezi bila kukutana na kazi aliyofundishwa, na siku inapomjia, mkono umesahau. Basi sanduku linahitajika zaidi pale wagonjwa wa aina hiyo wanapokuja kwa nadra, ilhali desturi yetu ni kulifungia katika chumba cha chuo kikuu.

Moshi, Arusha, na nyanda za Buha

Katika nchi yetu mahali palipoistawisha taaluma ya njia ya mkojo mapema ni KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo Dk. Lester Eshleman, Mmarekani, aliasisi taasisi ya maradhi ya njia ya mkojo, nayo imewazaa mabingwa waliotawanyika nchini na nje yake. Waingereza wa Urolink, tawi la chama chao cha wapasuaji wa njia ya mkojo linaloshughulikia nchi zetu, wamekuwa washirika wake kwa miaka mingi, na udugu kati ya KCMC na hospitali za Northumbria, ulioanza mwaka 1999, uliuleta upasuaji wa matundu madogo pale Moshi. Arusha ndiko yaliko makao ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoundwa mwaka 1999, ambacho hakina jengo moja la kufundishia, bali humfundisha mpasuaji katika hospitali anayofanyia kazi. Mpango huo wafaa mno kwa haya ninayoyasema.

Na Kigoma si mgeni wa kufundisha. Dk. Godfrey Mbaruku, alipokuwa katika hospitali ya mkoa, aliviona vifo vya wazazi vikishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991, baada ya kurekebisha utaratibu wa kazi kwa vitu na watu waliokuwapo. Miaka mingi baadaye, yeye na wenzake walipozichunguza hospitali za Mwanza na Kigoma, waliona kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo yao hayakutofautiana na ya madaktari wenye shahada. Madaktari wasaidizi hao, waliozoea kazi za dharura katika hospitali za Kibondo, Kabanga na Heri na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ndio wenye mikono inayostahili kupewa sanduku.

Mwalimu yuko wapi? Sanduku bila mwalimu hugeuka mchezo, na mwanafunzi huweza kulizoelea kosa lake mpaka likawa tabia. Wapasuaji wa Toronto walipowafundisha wenzao wa Botswana kwa intaneti, habari iliyochapishwa mwaka 2010, wote waliofundishwa na mwalimu aliyewatazama kwa kamera walifaulu mtihani, ilhali katika wale walioachiwa sanduku na video wakajizoeza wenyewe, asilimia 38 tu ndio waliofaulu. Toronto na Gaborone zimetengwa na bahari; Moshi na Kasulu zimetengwa na barabara, na simu hupita zote mbili.

Kuna mambo ambayo sanduku halina. Halitoki damu ya kuziba kamera, halina moyo unaopoteza mapigo katikati ya kazi, wala halina mke anayengoja nje ya mlango. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefaulu kwenye maharage hajapewa ruhusa ya kumkata mtu peke yake. Amepewa ruhusa ya kusimama kando ya bingwa, kushika chombo kwa sehemu ndogo ya kazi, kisha kwa sehemu kubwa zaidi, mpaka bingwa atoe mikono yake. Tofauti ni kwamba makosa ya mwanzo kabisa, yale ambayo hayana budi kutendwa, yatakuwa yametendwa beseni likiwa mezani.

Gharama ya kuanza ni beseni, simu ya zamani, taa ya betri, koleo mbili zilizokwisha kustaafu katika chumba cha upasuaji, mifuko ya maji iliyopita tarehe yake, na daftari. Daftari ndilo lenye thamani kuliko vyote: jina la aliyejizoeza, siku, dakika, na idadi ya makosa, likasomwa kila Ijumaa na mganga mkuu, na nakala ikapigwa picha na kupelekwa kwa bingwa Moshi, naye akamwita kwa simu yule ambaye makosa yake hayapungui.